Nguo Ivukayo Bahari

Mwanadamu huzaliwa uchi, akafungwa nguo kabla hajapewa jina, na siku ya mwisho wake hukatiwa nguo isiyo na mfuko. Baina ya nguo hizo mbili huvaa nyingi nyingine, na kila moja husema neno juu yake: atokako, alicho nacho, ampendaye, amchaye. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wakitaka kubishana juu ya asili yao aghalabu huanza kwa kubishana juu ya mavazi.

Mabishano ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi katika vyumba vya kusomea. Mwanafunzi mmoja hodari aliandika katika insha yake kwamba kitenge si vazi la Mwafrika. Hoja yake ilikuwa fupi na kali. Kitenge, alisema, kilibuniwa na Waholanzi kwa kuiga kazi ya watu wa Java. Kikaletwa Afrika na wafanya biashara wa Ulaya. Faida yake ikaenda Ulaya. Na leo wajukuu wa waliouziwa hujifunga nguo hiyo siku za sherehe wakaiita fahari ya Afrika. Alimaliza kwa methali: Mwacha asili ni mtumwa. Insha iliposomwa mbele ya wenzake, darasa liligawanyika. Binti mmoja aliuliza, “Tuvae nini basi, magome ya miti?” Kicheko kikawa kikubwa, lakini swali halikujibiwa, wala hoja ya kijana haikuvunjwa. Kicheko si jibu.

Nakusudia katika kurasa hizi kulijaribu swali hilo, na nimechagua kulijaribu kwa msaada wa mchongaji na mchoraji wa zama zetu, Yinka Shonibare, ambaye amekifanya kitambaa hicho hicho kuwa lugha yake. Wanafalsafa wamesema mengi juu ya ukoloni, na wanahistoria wameandika zaidi. Lakini mtu aliyekamata kitambaa mkononi, akakikata, akakishona, akakivika sanamu, amegusa mahali ambapo kalamu hupita juu juu.

Nina sababu yangu ya kusema katika jambo hili, maana kitenge ndicho kilichonisomesha. Mama yangu aliuza vitenge katika soko la Mwanga, Kigoma, kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini. Mizigo yake ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo, na iliyo bora ndani yake ilikuwa waksi ya Uholanzi. Mama hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alisoma Kurani, na hesabu zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu katika daftari lenye jalada jekundu. Lakini hakuna aliyeweza kumdanganya kwa kitambaa. Kwanza alikigeuza: ua la nje lilipasa liwe na nguvu ile ile kwa ndani. Pili alikisugua baina ya vidole akasikiliza ugumu wake. Tatu alitazama nyufa, yaani vistari vyembamba vya rangi vinavyopita katika nakshi kama mishipa katika jani. Katika waksi ya kweli nyufa hizo hazifanani mahali popote. “Mwanangu,” aliniambia, “penye nyufa zilizofanana hapana waksi, pana picha ya waksi.” Kila mwanzo wa muhula vipande kadhaa vya yadi sita viliuzwa, na thamani yake ikageuka ada yangu ya shule. Ikiwa kitenge ni minyororo ya utumwa iliyotiwa maua, basi kusoma kwangu kumelipiwa kwa minyororo, na macho niliyoisomea insha ya kijana yule yalifunguliwa kwa fedha ya utumwa. Kwa hiyo sikuweza kuipa alama insha hiyo nikaiweka kando.

Kwanza tuitazame historia, kwa sababu kijana hakusema uongo. Watu wa Java walijua tangu zamani kuchora kitambaa kwa nta ya moto. Hutumia kalamu ndogo yenye kikombe cha shaba, na kila palipopita nta, rangi haipenyi. Nta ikishaondolewa kwa maji ya moto nakshi hubaki nyeupe, kisha kazi huanza upya kwa rangi nyingine. Kipande kimoja kizuri huweza kuchukua miezi. Waholanzi, waliovitawala visiwa hivyo, waliona kwamba penye mikono mingi na saa nyingi pangeweza kuwekwa mtambo. Mwaka 1846 Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha kiwanda cha kuchapa vitambaa katika mji wa Helmond, kiwanda ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Vlisco. Katika mji wa Haarlem nako mitambo iliundwa ya kuchapa utomvu mahali pa nta, tena pande zote mbili za kitambaa.

Mitambo hiyo ilikuwa na ila moja. Utomvu ulipokauka ulivunjika vunjika, na rangi ya nili ikapenya katika nyufa. Watu wa Java, waliozoea usafi wa mkono wa fundi, hawakupendezwa na madoa hayo. Lakini karibu na mwisho wa karne ya 19 mfanya biashara wa Kiskoti, Ebenezer Brown Fleming, alivipeleka vitambaa hivyo katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana, na huko ila ikawa sifa. Wanunuzi walipenda kwamba hapana yadi mbili zilizofanana kabisa. Ndiyo ile ile alama ambayo mama yangu aliitafuta kwa kidole chake miaka mia baadaye, katika ufuko wa ziwa ambalo Fleming hakulitia katika hesabu zake.

Wako wasemao kwamba njia ya nguo hiyo ilifunguliwa mapema zaidi na askari wa Kiafrika. Kati ya mwaka 1831 na 1872 Waholanzi waliandikisha watu kiasi cha 3,000 katika ngome ya Elmina wakawapeleka Java kupigana vita vya wakoloni wao. Baadhi yao walibaki huko wakaoa, na wengine walirudi Elmina na kujenga juu ya kilima ambacho hata leo huitwa Kilima cha Java. Kama walirudi na batiki katika masanduku yao, na kama batiki hizo ndizo zilizowafundisha watu wa pwani kuipenda nguo ya namna hiyo, wanahistoria hawakubaliani. Lakini jambo lenyewe la askari ni thabiti, nalo latosha kutufunza. Mtu mweusi alichukuliwa kutoka Afrika na mtu mweupe wa Ulaya kwenda kumtiisha mtu wa Asia katika kisiwa chake. Tukisema juu ya ukoloni kama kwamba ulikuwa kisa cha watu wawili tu, bwana na mtumwa wake, twasahau kwamba mara nyingi mtumwa mmoja alipewa bunduki ya kumlinda mwingine.

Wala sisi wa pwani ya mashariki tusidhani kwamba kisa hiki ni cha Afrika ya magharibi peke yake. Lugha yetu ina neno merekani. Kila mtu mzima alijua zamani kwamba merekani ni kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo ni la nchi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta nguo hiyo Unguja kwa wingi zikarudi na pembe za ndovu, kopali na ngozi. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilitoka katika mashamba ya kusini ya Marekani, na huko aliyeichuma alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Kitambaa kilichotokana na jasho lake kikasafiri hadi Afrika, kikavikwa wapagazi na watumwa wa huku, kikawa hata sarafu katika njia ya misafara iendayo Tabora na Ujiji. Vita vya wao kwa wao vilipozuka Marekani mwaka 1861 biashara hiyo ilidhoofika, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi. Kanga nazo, ambazo hakuna Mswahili atakayekubali kuambiwa si zake, zilichapwa Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi na Japani kwa miaka mingi kabla ya kiwanda cha Urafiki kuanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968.

Hayo ndiyo mambo ambayo Shonibare ameyashika. Alizaliwa London mwaka 1962, wazazi wake wakiwa Wanigeria, akahamishiwa Lagos akiwa na umri wa miaka mitatu. Nyumbani alisema Kiyoruba na shuleni Kiingereza. Alirudi Uingereza kwa masomo, na alipokuwa na miaka 18 maradhi ya uti wa mgongo yalimpooza. Nguvu nyingine zilirudi na nyingine hazikurudi, na tangu hapo kazi zake kubwa huzitimiza kwa msaada wa mafundi. Katika chuo cha sanaa alikuwa akifanya kazi juu ya mageuzi ya Urusi ya siku zile. Mwalimu wake mmoja alimwuliza kwa nini hafanyi sanaa ya Kiafrika halisi. Swali hilo lilikuwa mlango uliofungwa kwa adabu: Mzungu aliruhusiwa kushughulika na dunia nzima, naye Mwafrika alipangiwa kibanda chake. Shonibare hakumjibu kwa maneno. Alikwenda katika soko la Brixton, mahali ambapo Waafrika na watu wa visiwa vya Karibi hununua vyakula na nguo za kwao, akatafuta kitu cha Kiafrika halisi. Akauziwa waksi, na alipouliza habari zake akaambiwa kwamba yatoka Uholanzi. Tangu siku hizo kitambaa hicho kimekuwa ndani ya kazi yake.

Katika kazi zake nitaje mbili tu. Ya kwanza ni ile ya mwaka 2003 iitwayo Scramble for Africa, yaani Kinyang’anyiro cha Afrika. Ni meza ndefu ya mbao, juu yake pamechorwa ramani ya Afrika, na kuizunguka wamekaa wanaume 14, sanamu zenye kimo cha mtu. Wameinama, wameinua mikono, wameelekeza vidole. Kila mmoja amekamatwa katikati ya hoja yake. Mavazi yao yameshonwa kwa mkato wa Ulaya ya karne ya 19, makoti na vizibao, lakini kitambaa ni waksi. Nao hawana vichwa. Shonibare ameeleza kwamba vichwa hivyo vilivyokosekana ni ukumbusho wa mapinduzi ya Ufaransa, wakati watu wakubwa walipokatwa vichwa. Mtazamaji wa huku kwetu huona jambo jingine vile vile. Mtu asiye na kichwa hana macho ya kumwona mwingine wala masikio ya kumsikia, bali mikono ya kupokea anayo.

Mkutano wenyewe ulifunguliwa Berlin tarehe 15 Novemba 1884. Wakati wakuu wakizungumza huko, Carl Peters alikuwa barani kwetu, katika Useguha, Unguu, Usagara na Ukami, akiwatia watu sahihi katika karatasi za Kijerumani ambazo hawakuweza kuzisoma. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash wa Unguja alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja mwezi wa Agosti zikatia nanga mbele ya jumba lake. Naitazama meza ya Shonibare nikijua kwamba katika ramani ile pana ukingo wa ziwa ambako mama yangu alizaliwa, na kwamba mpaka uliopitishwa katikati ya maji hayo ndio baadaye ulioifanya mizigo yake iitwe ya magendo au ya halali kwa kutegemea upepo wa siku hiyo.

Lakini neno kubwa la kazi hii limo katika nguo. Lau Shonibare angewavika wale wagawanyaji nguo zao nyeusi za Ulaya, tungewatazama kama wageni, tukawalaani, tukaenda zetu. Amewavika nguo tunayoiita yetu. Hapo mtazamaji hufadhaika: je, hawa ni wao, au ni sisi? Ulaya ile ilijivika Afrika, kwa pamba yake, kwa dhahabu yake, kwa mikono yake, hata ikawa haiwezi tena kusema hii ni mimi bila yeye. Nasi kadhalika.

Kazi ya pili niliiona kwa macho yangu. Mwaka 2016 nilipata nafasi ya kwenda London kwa masomo ya muda mfupi, nikafika Greenwich, penye jumba la makumbusho ya mambo ya bahari. Nje ya jumba hilo pamewekwa chupa kubwa, urefu wake karibu mita 5, na ndani yake merikebu. Ni mfano wa Victory, merikebu ya Nelson, amiri aliyefia ndani yake katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Kwanza kazi hii ilisimamishwa London katika uwanja wenye jina la vita hivyo, mwaka 2010; kisha watu walichangia fedha, na mwaka 2012 ikawekwa Greenwich daima. Merikebu ina matanga 37, na hakuna hata tanga moja jeupe. Yote yana nakshi na rangi za kitenge.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Merikebu ile iliundwa na nani? Shonibare amelijibu swali hilo katika matanga. Ushindi wa Nelson uliwafungulia Waingereza bahari, na kwa bahari hizo wakapata makoloni, na kutoka katika makoloni wakaja watu ambao leo huuza na kununua waksi katika soko la Brixton. Upepo uliojaza matanga ya merikebu ile ndio uliowaleta. Asiyetaka kuwaona huko London na auulize upepo.

Mimi niliiona merikebu kwa macho ya Mswahili, na kwa hiyo niliona jambo ambalo pengine halikuwa katika nia ya msanii. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji wa Unguja kwa mizinga, kwa sababu Seyyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti ambacho Waingereza walitaka kumpa mwingine. Vita havikutimiza saa moja. Watu wake kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Sultani alikuwa na merikebu moja ya kivita, Glasgow, iliyoundwa Uingereza kwa mfano wa merikebu ya Kiingereza. Nayo ikazamishwa mbele ya jumba. Milingoti yake ilibaki ikichomoza majini hata mwaka 1912, na kila aliyeingia bandarini aliiona. Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema watu wetu, na methali hiyo ingeweza kuandikwa juu ya milingoti ile.

Na Greenwich penyewe pana mstari wa sifuri. Mwezi wa Oktoba mwaka 1884, mwezi mmoja kabla ya meza ya Berlin, wajumbe wa mataifa walikutana Washington wakakubaliana kwamba dunia ihesabu nyuzi zake na saa zake kuanzia hapo. Katika mwaka ule mmoja wakati uligawanywa na ardhi ikagawanywa. Hata hivyo Mswahili bado huihesabu saa moja kwa kuchomoza kwa jua lake, wala hakuwahi kuomba ruhusa.

Niliikaribia chupa nikafanya kama mama yangu angefanya: nilitaka kukigeuza kitambaa nitazame upande wa ndani. Sikuweza. Chupa huonyesha, haigusishi. Hapo ndipo nilipoifahamu shutuma ambayo baadhi ya watu huitoa juu ya kazi za namna hii. Husema kwamba zimekuwa nzuri mno. Kwamba maua yamefunika jeraha. Kwamba majumba yale yale yaliyojengwa kwa mali ya makoloni sasa huzinunua, huziweka mlangoni, na mgeni huzipiga picha akaenda kunywa chai yake kwa amani. Nelson amekosolewa, lakini bado ni merikebu ya Nelson. Shonibare mwenyewe alipokea nishani ya Dola ya Kiingereza mwaka 2004 akaamua kuitumia katika jina lake, akibeba heshima na kejeli katika mkono mmoja.

Shutuma hiyo ina uzito. Ili kuipima nitamtaja mchoraji mwingine, ambaye hakuwa na chuo wala nishani. Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga alichora historia ya nchi ya Kongo, kuanzia wahenga hadi siku zake, katika picha zaidi ya 100. Alizichora katika miaka ya 1973 na 1974, nyingi juu ya magunia ya unga, akamweleza mtaalamu Johannes Fabian kila picha, na maelezo yake yote aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga. Katika picha zake watu wana vichwa. Lumumba ana uso. Askari ana uso. Mfungwa anayechapwa viboko mbele ya bendera ya Ubelgiji ana mgongo unaotoka damu. Hapana chupa baina yako naye. Tshibumba alitoweka kwa watu wa dunia mnamo miaka ya themanini ya mwanzo, na picha zake alizompa Fabian ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililojengwa kuwa taasisi ya makoloni ya Uholanzi na kufunguliwa mwaka 1926. Kwa hiyo historia ya Kongo iliyosimuliwa kwa Kiswahili imelazwa katika nchi iliyotuchapia vitenge.

Nikiwaweka wawili hawa pamoja naona kwamba kila mmoja amefanya kazi ambayo mwenziwe asingeweza. Tshibumba aliwachorea watu wa mji wake mambo waliyoyajua, ili yasisahauliwe. Shonibare huwachorea watu wa London mambo ambayo hawakutaka kuyajua, na huwatega kwa uzuri, kwa sababu mtu hukimbia lawama lakini husogelea ua. Ni kweli kwamba mtego wa uzuri humnasa pia yule aliyeutega. Lakini sioni kwamba jeraha limefunikwa. Mwenye kuisogelea merikebu ile akauliza kwa nini matanga yana rangi, amekwisha kuanza safari ambayo mwisho wake ni Java, na Elmina, na Unguja.

Sasa nirudi katika hoja ya kijana. Alisema, Mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, lakini na tuitazame neno kwa neno. Neno lenyewe asili tumelipata katika Kiarabu. Insha yake iliandikwa kwa kalamu, ambalo ni neno la njia hiyo hiyo, juu ya meza, ambalo ni neno la Wareno, katika shule, ambalo ni neno la Wajerumani wale wale wa mkutano wa Berlin. Hakuna anayedai kwamba kijana huyo hakuandika Kiswahili. Maneno hayo yaliingia, yakavishwa viambishi vyetu, yakatungiwa mashairi, na leo Mreno akija kudai meza yake tutamkaribisha ale juu yake. Kitambaa nacho kina sarufi. Mholanzi alikichapa, lakini hakukipa maana. Nakshi moja yenye ndege wa kuruka, watu wa Ghana waliipa jina la kusema kwamba fedha ina mabawa. Nyingine katika nchi zinazosema Kifaransa iliitwa Jicho la Mke Mwenza. Wanawake wafanya biashara wa Lomé walipewa haki ya kuuza nakshi fulani peke yao, kwa kuwa wao ndio waliojua jina lipi litauza. Mama yangu wale ndege aliwaita mbayuwayu, akawauzia wake za wavuvi waliongoja waume. Jina hilo halikutoka Helmond.

Basi kitenge ni chetu. Lakini sikubali kwamba hoja ya kijana imekwisha hapo, maana alisema pia kwamba faida ilikwenda Ulaya, na katika hilo hajibiwi kwa majina ya ndege. Maana ilitengenezwa sokoni Afrika. Mali ikakusanywa kiwandani Ulaya. Siku hizi waksi nyingi za sokoni hutoka China, nyufa zake zikichapwa kwa mtambo, zote sawasawa, kwa bei ambayo iliwashinda wanawake wa rika la mama yangu mmoja baada ya mmoja. Yeye aliifunga biashara yake mwaka 2007. Bwana amebadilika, mpango haujabadilika. Yule anayekipenda kitambaa kwa rangi zake tu, asiulize kimepita wapi na nani amelipwa, huyo ndiye methali inayemsema. Wala hauponi utumwa wake kwa kukivua. Atakivua kitenge avae nini, ambacho hakikuvuka bahari? Suruali ya kijana yule nayo ina safari yake.

Kwa hiyo nadhani kwamba kumiliki kitu ni kuimiliki historia yake yote, pamoja na daftari la hesabu zake. Sanaa ya Shonibare imenipendeza kwa sababu haikubali kutoa nusu. Haisemi, nguo hii ni ya kigeni, itupeni. Wala haisemi, nguo hii ni fahari yetu, shangilieni. Huiweka juu ya mabega ya mgawanyaji wa Berlin na juu ya milingoti ya Nelson, ikatuacha tufanye hesabu.

Hesabu hiyo, wanafunzi wenzangu, haitafanywa London wala Amsterdam kwa niaba yetu. Majina ya nakshi yamo vinywani mwa wanawake wazee wa Kigoma, Ujiji, Kalemie na Bujumbura, na baadhi yao hawataiona masika nyingine. Madaftari yao yameandikwa kwa herufi ambazo wajukuu hawazisomi. Nalitafuta la mama yangu baada ya mazishi yake nikalipata, na kwa kazi ya miezi nimelisoma: tarehe, idadi ya vipande, jina la nakshi, deni la mtu, na hapa na pale ada ya shule. Ni kurasa 112. Kijana aliyeandika insha nimempa nakala, naye amekwisha kunionyesha kosa la kujumlisha katika ukurasa wa tisa.